Gitaa: uanze na tyuni ya kawaida au hizi mbadala?

Jibu fupi kwa wenye haraka: anza na tyuni ya kawaida (tyuni ni namna nyuzi zilivyokazwa), ile ya E A D G B E kuanzia uzi wa sita mnene mpaka wa kwanza mwembamba, kaa nayo mpaka vidole vianze kwenda vyenyewe, alafu ndo uanze kuchezea nyingine, na ukianza kuchezea usikimbilie hizi za kufungua nyuzi zote (open, ambazo ukipiga bila kubonyeza inalia koodi nzima, yaani noti kadhaa kwa pamoja) unazoziona kwenye video, anza na ile ya kushusha uzi mmoja tu. Basi. Mwenye muda twende pole pole, maana kuna watu wananiona mzee wa kizamani kwenye hii ishu na mimi nina sababu zangu.

Napiga ridhim kanisani na jioni nafundisha vijana, wengi wanakuja na simu mkononi. "Teacher, naomba nifundishe hii." Unaangalia, jamaa wa kwenye video anapiga vitu vitamu kweli, kidole kimoja kinateleza tu juu ya nyuzi na gitaa linalia lenyewe. Kijana ameshaiga vidole, viko pale pale kabisa kama kwenye video, ila sauti inayotoka ni ya ajabu, anadhani gitaa lake bovu. Gitaa halina shida, yule jamaa kashabadilisha tyuni kabla hajawasha kamera na hajasema.

Sasa kwanini ya kawaida kwanza? Watu wa kwaya mtanielewa haraka nikiongea kwa do re mi. Kutoka uzi wa sita kwenda wa tano ni umbali wa do mpaka fa, wa tano kwenda wa nne do mpaka fa, wa nne kwenda wa tatu hivyo hivyo, alafu ghafla wa tatu kwenda wa pili inakuwa do mpaka mi, kisha inarudi tena do mpaka fa. Ndo maana ukityuni kwa sikio unabonyeza freti ya tano (freti ni vile vyuma vinavyokata shingo ya gitaa) kila mahali isipokuwa pale kwa G kwenda B unabonyeza ya nne. Wanafunzi wote wanauliza kwanini hapo kumepinda. Jaribu kupanyoosha uone, ukiweka do mpaka fa kila mahali unapata E A D G C F, yaani uzi wa sita na wa kwanza zinapishana nusu toni (freti moja), sasa wewe bana nyuzi zote sita kwa kidole cha shahada usikie wa sita na wa kwanza zinavyogombana. Hako kapindo ndo kanafanya koodi za nyuzi sita zikae ndani ya vidole vinne vya binadamu wa kawaida. Stanley Jordan wa Marekani anapiga hiyo iliyonyooka na anapiga balaa, ila yule anagonga nyuzi kwa mikono yote miwili kama mtu wa kinanda, sio mfano wa kumpa mtoto wa wiki ya kwanza.

Sababu ya pili wengi hawaisemi na kwangu ndo kubwa kuliko zote: gitaa hupigi peke yako. Mchungaji anaanzisha pambio katikati ya mahubiri, hajatangaza ki (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake), we una mistari miwili tu ya kumtafuta yuko wapi, unatembea kwenye uzi wa sita kimya kimya mpaka unamkuta, aah kumbe A flati, unabana freti ya nne unaingia. Mpiga besi wako naye hajui ki, anafanya nini? Anaangalia mkono wako wa kushoto. Akiona umbo la G anajua G. Ukiwa kwenye tyuni yako ya siri mkono wako haumwambii kitu, atapiga vya kwake na mtakutana mbinguni. Alafu gitaa lenyewe mara nyingi ni la kanisa, linapigwa na watu watatu, ukiliacha kwenye open G Jumamosi usiku na mwenzako akalichukua Jumapili asubuhi dakika ya mwisho, nakuhakikishia jina lako litatajwa na sio kwa maombi.

Na wala usidhani tyuni ya kawaida ina ufukara. Msikilize Jean Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, kwenye wimbo wake Masanga, Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 kule Jadotville ambayo siku hizi ni Likasi. Gitaa moja kavu, dole gumba na shahada tu vinafanya kazi mkono wa kulia, na ukifumba macho unasema hapa wako watu wawili. Mimi naipiga kwenye tyuni ya kawaida, mkono umekaa hapo kwenye C, na mpaka leo sijaimaliza.

Hizo za kufungua nyuzi zina raha yake sikatai. Chukua open G, unashusha wa sita uwe D, wa tano uwe G, wa kwanza uwe D, unabaki na D G D G B D, unapiga bila kubonyeza popote inalia G, unabana freti ya tano kwa kidole kimoja ni C, ya saba ni D. Umeshapata koodi tatu na hujatoka jasho. Keith Richards wa Rolling Stones kajenga jina kwa tyuni hiyo hiyo, tena uzi wa sita anautoa kabisa anabaki na nyuzi tano, na ukifikiria ana akili maana ukiutoa ule wa chini kabisa unaobaki chini ni G yenyewe. Joni Mitchell wa Kanada naye alipata polio akiwa na miaka 9, mkono wa kushoto ukawa dhaifu, koodi za kubana zikawa shida, akatafuta tyuni zake mwenyewe nyingi sana na ndo zikawa sauti yake. Kama na wewe mkono wako una tatizo la kweli, au kidole hakipo, achana na ushauri wangu wa mwanzo, nenda moja kwa moja kwenye open na usisikilize wa kukucheka.

Ila kwa mwenye mikono mizima mtego upo hapa: wimbo ukiita Am. Au Em. Nyimbo zetu za kuabudu haziishi bila maina (hizo koodi zenye huzuni, alama yake ni m ndogo), na kwenye open G koodi ya maina haiji kwa kidole kimoja, inabidi utafute umbo lake upya kabisa wakati hata ya kawaida hulijui. Nimeona vijana wana miezi na miezi wanateleza freti ya tano na saba, wazuri kweli, ukimpa wimbo wenye koodi nne anakaa chini.

Kitu kimoja ambacho wengi wanakimbilia tyuni nyingine kwa sababu yake ni maumivu ya vidole. Magitaa ya bei chee nyuzi zinakaa juu sana, mtoto anabonyeza F mpaka machozi. Hapo fanya hivi, shusha nyuzi zote sita nusu toni, alafu weka kapo (kibanio kinachobana nyuzi zote) freti ya kwanza. Umerudi kwenye E A D G B E ile ile, koodi zote ni zile zile, ila nyuzi zimelegea kidogo na kapo imezivuta chini karibu na ubao. Ikibidi shusha toni nzima uweke kapo ya pili. F inakuwa ya kibinadamu.

Utajuaje muda umefika wa kuhama? Kwangu mimi kipimo ni ubadilishe G, C, D, Em na Am bila kuangalia mkono na bila mdundo kukatika, F itoke hata kama inakoroma kidogo, na ukiambiwa "nionyeshe B flati" uioneshe kwenye uzi wa sita na wa tano bila kuhesabu kwa vidole. Wengine wanafika haraka, wengine wanachelewa, sio mashindano.

Ya kwanza sasa ni drop D. Uzi wa sita peke yake unatoka E kwenda D. Huhitaji hata programu ya simu, piga uzi wa nne ukiwa wazi uache ulie, piga na wa sita, alafu legeza wa sita taratibu, utasikia sauti inayumba wau wau wau, inayumba polepole zaidi, polepole zaidi, ikitulia acha, umefika. Nyimbo za ki ya D zinabadilika kabisa, unapiga nyuzi zote sita na chini kuna D nzito ambayo mpiga besi akichelewa ibada hakuna anayejua. Cha kuangalia ni kwamba kila noti ya uzi wa sita imesogea mbele freti mbili, G yako iliyokuwa ya tatu sasa ipo ya tano, na Em inataka ubonyeze ya pili kwenye uzi ambao ulizoea kuuacha wazi. Zilizobaki tano hazijaguswa, kwa hiyo mkono wako bado unasomeka.

Ya pili ndo naipenda mimi na sielewi kwanini walimu wa mtandaoni hawaifundishi, ile ya Wakongo, mi-composé. Ukisikiliza rumba na sebene za Kongo utasikia kuna gitaa katikati, sio solo na sio ridhim, liko kati yao linachemka chemka kwa sauti nyembamba, wengi wanaita mi-solo. Siri yake ni ndogo mno. Unatoa uzi wa nne, ule mnene uliozungushiwa waya, unaweka mahali pake uzi mwembamba wa kwanza, unautyuni D ile ile ila ya oktavu ya juu (D inayofuata juu yake). Kwa sikio: bonyeza uzi wa pili freti ya tatu, ndo hiyo D yako, zifananishe. Usiogope kukatika, huo uzi umezoea kuvutwa mpaka E na hapa unaishia D, uko chini ya kawaida yake. Shida moja, kile kijipande cheupe cha juu kinachoshika nyuzi kina mfereji mpana wa uzi mnene, mwembamba ukikaa humo unacheza na kuzomea. Kata kipande cha karatasi, kunja mara mbili, weka chini yake ubane.

Sasa shika C yako ya siku zote upige uzi wa nne, wa tatu, wa pili mmoja mmoja. Kawaida ungesikia mi sol do zinapanda ngazi. Sasa hivi mi iko juu kabisa, sol inaanguka chini, do katikati. Alafu piga na wa kwanza ukiwa wazi: ni mi ile ile, sauti moja kutoka nyuzi mbili tofauti, zinametameta kama kuna magitaa mawili. Vidole havijabadilika hata kimoja, koodi zote ulizosota nazo zinatumika, na hapo ndo unaona faida ya kukaa kwenye ya kawaida. Ukiwa peke yako na sauti ya mwimbaji usiitumie, imepoteza uzito wa katikati inabaki nyembamba, inataka bendi, iwepo ridhim na besi chini yake. Mkiwa na magitaa mawili kanisani na wote mnapiga G ile ile sehemu ile ile mnagongana bure, mmoja abadilishe uzi, utaona kwaya inavyogeuka kuangalia nani kaongezeka.

D A D G A D nitaipitia haraka. Inahusishwa na Davey Graham, Mwingereza, aliyeitafuta miaka ya 60 mwanzoni baada ya kusikia udi, ile ala ya nyuzi ya Waarabu, kule Moroko, alitaka gitaa liweze kukaa pamoja nao. Haina furaha wala huzuni, iko katikati, na mtu aliyekulia kwenye taarab atajisikia nyumbani ndani ya dakika tano. Ni nzuri kwa kutunga usiku ukiwa mwenyewe, ibadani sijawahi kuihitaji.

Mambo ya nyuzi sasa. Ukiwa wa kubadili badili tyuni kila siku zinachoka haraka, hasa wa kwanza, kwa hiyo nunua nyuzi za kwanza za ziada, zinauzwa moja moja maduka mengi ya vyombo, na wa mi-composé unatoka hapo hapo. Ukirudi kutoka open kwenda kawaida rudia kutyuni mara mbili, maana ukikaza nyuzi tatu shingo nayo inavutika na zile ulizokuwa hujazigusa zinashuka. Na kila mara malizia kwa kukaza kwenda juu, ukipitiliza rudi chini zaidi alafu panda tena, ukimalizia kwa kulegeza itateleza katikati ya wimbo. Na wenye magitaa ya nyuzi za nailoni, mi-composé yenu ifanyeni kwa uzi wa kwanza wa nailoni, msichomeke wa chuma humo, gitaa hilo halikutengenezwa kwa ajili ya mvuto wa chuma na mkizoea hivyo mtakuja kufunga nyuzi zote za chuma, na siku moja kile kibao cha chini kinachoshika nyuzi kitang'oka na kipande cha mbao.