Dizeli na baridi ya Dodoma: majibu ya maswali yenu

Tangu Juni ianze na upepo wetu uanze kukata masikio, karibu kila anayefika gereji ana neno moja mdomoni: kuganda. Maswali ni mengi. Nimechukua matano ambayo majibu yake yatawafaa na wengine.

"Fundi, habari za kazi. Nina pikapu ya dizeli. Wiki hizi asubuhi napiga stata mpaka betri inachoka, lakini ikifika saa tatu jua limeshapanda, inawaka bila shida. Jirani ananiambia dizeli inaganda usiku na kuna dawa ya kuzuia. Ninunue?" (Msomaji, Nala)

Usinunue, kaka. Hiyo hela utaihitaji kwingine.

Kuganda kwa dizeli ni kweli kupo. Ndani ya dizeli kuna nta, na nta hiyo ikipata baridi ya kutosha hujitenga. Kama una chupa ya mafuta ya nazi nyumbani, itazame alfajiri ya Julai: imekuwa nyeupe na ngumu, mpaka uichokonoe kwa kijiti. Ukiianika dirishani mchana inarudi kuwa maji. Dizeli nayo ina tabia hiyo, ila mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi 24 hivi, na dizeli inataka baridi kali kuliko hiyo mara nyingi. Usiku wa Juni na Julai Dodoma hushuka mpaka nyuzi 13 au 14, na kwa baridi hiyo dizeli safi haigandi.

Kilichopoa ni injini yako. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa inabanwa mpaka inakuwa ya moto, kisha mafuta yanapulizwa humo yanalipuka. Asubuhi chuma ni cha baridi na hewa ni ya baridi, ule moto haufiki. Ndiyo maana kuna hita plagi, vile vijiti vya umeme vinavyopasha moto ndani ya injini kabla haijawaka. Fanya hivi kesho: washa swichi, subiri taa ya koili kwenye dashibodi izime, ndipo upige stata, na mwenzako asimame nyuma aangalie ekzosi. Akiona moshi mweupe unatoka huku injini haishiki, mafuta yanafika ila hayaungui, kwa hiyo anza na hita plagi. Asipoona moshi wowote, mafuta hayafiki: tazama filta, au sehemu inayovuta hewa kwenye mipira ya mafuta. Stata ikizunguka kivivu, pima betri kwanza, maana baridi inapunguza nguvu ya betri wakati huohuo oili ya injini imekuwa nzito.

Niliwahi kuletewa gari la namna hiyohiyo, mwenyewe ameshamwaga chupa mbili za dawa tangini. Nilifungua hita plagi nne, tatu zimekufa. Moja ncha yake ilikuwa imevimba na kupasuka kama mbegu inayoanza kuota. Tulibadilisha zote nne, na kesho yake likawaka kwa stata moja.

"Fundi, shikamoo. Trekta langu limekaa tangu tumalize kulima, mafuta nusu tangi, na mengine yako kwenye pipa nje. Juzi nimefungua filta nimekuta kitu cheusi kinateleza kama mlenda. Hiyo si ndiyo dizeli iliyoganda?" (Mkulima, Kongwa)

Marahaba. Umenipa swali zuri kuliko yote, kwa sababu kosa hili linaua pampu na nozo (zile zinazopuliza mafuta ndani ya injini) za matrekta mengi kuliko baridi ya aina yoyote.

Chota kidogo hicho kitu, kitie kwenye chupa ya kioo pamoja na dizeli safi, uiweke juani nusu saa. Ingekuwa nta, ingeyeyuka na kupotea ndani ya dizeli. Utaona huo mlenda wako umebaki palepale chini. Huo ni uchafu wa viumbe hai: vijidudu na ukungu wanaoishi pale maji na dizeli vinapokutana. Maji hukaa chini, dizeli juu yake, na wao wanajenga makazi katikati. Bila maji hawaishi.

Kwa hiyo swali lako la kweli ni maji yameingiaje. Mimi nalitilia shaka pipa. Pipa likisimama nje, mvua inatuama juu ya mfuniko wake. Mchana chuma kinapata moto na hewa ya ndani inasukumwa nje; usiku kinapoa, pipa linavuta pumzi, na linavuta yale maji yaliyozunguka kifuniko hata kama umekikaza. Msimu mzima wa mvua likivuta kidogo kidogo, chini unakuta lita nzima. Lilaze pipa ubavu juu ya magogo, kivulini, vifuniko vyote viwili vikiwa kwenye mstari mmoja wa usawa ili mafuta yavifunike kwa ndani. Ukitaka kulitumia, lisimamishe, liache litulie usiku mzima, na mpira wa kuvutia usiguse chini.

Kwa trekta, usibadilishe filta ukaishia hapo, itaziba tena ndani ya siku mbili. Mwaga mafuta yote, fungua tangi uoshe kwa dizeli safi mpaka itoke bila weusi, puliza mipira, weka filta mpya, toa hewa kwa pampu ya mkono, ndipo uwashe. Ukipata dawa ya kuua vijidudu vya kwenye dizeli iweke, lakini baada ya kuosha. Ukiiweka kabla, maiti zao zote zinahamia kwenye filta. Na msimu ujao, trekta likienda kukaa, lijaze tangi mpaka juu: pasipo na nafasi ya hewa, unyevu hauna pa kuingilia.

"Mwanangu anaendesha malori Canada. Mwaka jana lilimzimikia njiani usiku, nyuzi 30 chini ya sifuri, anasema mafuta yaliganda. Ni kweli au ananificha jambo? Afanye nini yasimkute tena?" (Mama, Singida)

Mama, mwanao anasema kweli, na ashukuru alitoka salama, kwa sababu katika baridi hiyo injini ikizima hata joto la kabini linakwisha.

Dizeli haigandi kwa mara moja. Kwanza inatia ukungu, chembe za nta zinaonekana. Kisha chembe hizo zinajaa kwenye filta na injini inakosa nguvu, kama mtu anayefyonza uji mzito kwa mrija. Mwisho mafuta yenyewe yanakataa kutembea. Dizeli ya majira ya joto inaweza kuanza kutia ukungu karibu na sifuri, kwa hiyo nchi za baridi zina dizeli ya msimu. Ujerumani, kuanzia katikati ya Novemba mpaka mwisho wa Februari, dizeli ya vituoni inatakiwa ipite kwenye filta hata kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Marekani na Canada wana dizeli namba 1, nyepesi na yenye nta kidogo, na namba 2 ya kawaida. Baridi ikizidi wanazichanganya.

Hatari kubwa ni kwa dereva anayetoka upande wenye joto. Anajaza tangi huko, anaendesha usiku kucha kuelekea baridi, amebeba dizeli ya joto. Mwambie asijaze mpaka juu anapoondoka. Ajaze kwenye vituo vya huko kwenye baridi. Dawa ya kuzuia kuganda aiweke mafuta yakiwa bado na joto, kwa kipimo kilichoandikwa, kwa sababu kazi yake ni kuzuia chembe zisikue na kushikana. Zikishaganda, dawa hiyo haiziyeyushi. Atoe maji kwenye filta kila mara, maana maji huganda kabla ya dizeli. Abebe filta ya akiba, na akilaza lori achomeke hita ya injini kwenye umeme. Likishaganda, livutwe mpaka kwenye jengo lenye joto. Asithubutu kuwasha moto chini ya tangi, mama. Mwambie hilo kwa sauti yako mwenyewe.

"Nasikia ukichanganya mafuta ya taa haigandi. Nami nifanye?" (Msomaji, Kizota)

Hapana. Nchi za baridi wanachanganya kwa kipimo kwa sababu mafuta ya taa yana nta kidogo. Wewe huna baridi hiyo. Pampu na nozo zako zinalainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo, yatazisaga. Isitoshe uchakachuaji ni kosa. Mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ilipandishwa kwa sababu ya mchezo huohuo.

"Tunatoka Dodoma kufuata viazi Makete, tunalala juu kule karibu na Kitulo. Julai asubuhi nyasi zimekuwa nyeupe kwa barafu. Lori linawaka ila likipanda mlima linakosa nguvu, jua likikolea linakuwa sawa. Tatizo ni lilelile la hita plagi?" (Dereva, Ihumwa)

Lako ni tofauti, kaka. Kitulo iko kwenye mita 2,600 hivi na usiku huko unagusa sifuri. Dizeli ya nchi za joto inaruhusiwa kuanza kutia ukungu mapema kuliko ya Ulaya, hata ikiwa bado juu ya sifuri, kwa hiyo kwa Tanzania hii wewe ndiye ninayekuamini ukisema nta.

Badilisha filta kabla ya safari, maana filta iliyochoka nusu huziba kwa nta kidogo tu. Jioni fungua koki ya chini utoe maji. Paki lori ubavu wenye tangi ukitazama mashariki. Asubuhi likiwaka, liache lizunguke robo saa bila kulikanyaga: mafuta yanayorudi kutoka kwenye injini yanarudi na joto, yanapasha tangi taratibu. Likiwa bado linakosa nguvu, funika filta kwa kitambaa na ukimwagie maji ya moto birika moja, ukikwepa nyaya. Kisha nenda na gia ndogo mpaka jua likolee.