Baba Amepotea Njia Aliyoizoea: Je, Aendelee Kuendesha Gari?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 74 na ameendesha gari tangu ujana wake. Mwezi uliopita alipotea akirudi nyumbani kwa njia anayoipita kila wiki, na kwenye bampa nimeona mikwaruzo asiyoweza kuieleza. Nikimgusia jambo hilo hukasirika. Je, ni uzee tu, au nimnyang'anye funguo?

JIBU: Marahaba. Kusahau alipoweka miwani ni jambo la kawaida kwa mtu wa umri wake, lakini kupotea katika njia aliyoizoea si kawaida, na ninakusihi usingoje lijirudie. Jamaa wengi huchelewa kushtuka kwa sababu mikono ya dereva mzoefu haisahau upesi: atabadilisha gia vizuri kabisa, ilhali uwezo wake wa kukadiria umbali na kuamua kwa haraka umekwisha kupungua. Panda naye gari, unyamaze, umtazame anapofika njiapanda akitaka kukata kona mbele ya magari yanayokuja. Je, anasita hata njia ikiwa nyeupe, anangoja wewe umwambie apite, au anakanyaga mafuta badala ya breki? Yaandike pamoja na tarehe, kwani daktari atayahitaji.

Mpeleke hospitali kabla hujaamua tatizo ni nini. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya thairoidi (iliyoko shingoni) isiyofanya kazi ya kutosha, sonona (huzuni nzito isiyoisha) na baadhi ya dawa za usingizi au za mzio huweza kuvuruga kumbukumbu ya mzee, na mengi ya hayo hutibika. Macho nayo yapimwe. Ikibainika kuwa ni dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ambayo mara nyingi hutokana na ugonjwa wa Alzheimer, si kila mgonjwa huacha kuendesha siku hiyo hiyo: aliye katika hatua za mwanzo anaweza kupimwa barabarani na mtaalamu, kisha akapimwa tena baada ya miezi 6 hivi, kwa kuwa hali huzidi kushuka. Hata hivyo, baba yako asishike usukani hadi uchunguzi ukamilike.

Kuhusu hasira yake, usidhani anakuficha. Ugonjwa huu wenyewe huweza kumnyima mtu uwezo wa kuona upungufu wake. Usimnyang'anye funguo. Kwanza panga nani atampeleka kila anapokwenda, kisha mwache daktari amwambie mwenyewe, tena kwa maandishi, ili siku atakaposahau alichokubali umpe barua hiyo aisome.