Watoto na wanyama pori: maswali yenu na majibu yangu

Mmenitumia maswali mengi, nimechagua yale yanayojirudia. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu yananigusa, mnivumilie.

Mwanangu ana miaka 4, mbugani hatujawahi kumpeleka na sioni tukienda karibuni. Nianzie wapi?

Anzia chini ya jiwe mama, kabisa yaani. Watoto kibao wanamjua simba na twiga wa kwenye picha ila hawajawahi kumtazama sisimizi hata kwa dakika mbili. Geuza jiwe au gogo lililolala, wewe ndo uligeuze na uangalie kwanza maana nge na tandu wanapenda sana hapo, kukiwa salama mwite mhesabu miguu. Sita ni mdudu, minane ni buibui au ndugu zake, ikiwa mingi mpaka anachoka kuhesabu basi ni jongoo au tandu, na hao unawatofautisha hivi: tandu ana jozi moja kwenye kila pingili, jongoo pingili zake nyingi zina jozi mbili mbili. Halafu muulize, kwa nini wamekaa huku chini na sio juu ya jiwe? Akikujibu giza, au unyevu, au wanajificha, hapo kashaelewa makazi ni nini na hujatumia neno gumu hata moja. Mkimaliza jiwe lirudi taratibu vile lilivyokuwa, na arudishe yeye mwenyewe, maana ile ni nyumba ya watu.

Nafundisha darasa la tatu. "Mfumo ikolojia" wanaukariri vizuri tu, ukiwauliza maana wanakutolea macho. Nifanyeje?

Mwalimu mwenzangu, hilo neno nalo zito (maana yake ni viumbe wa mahali fulani na mazingira yao, jinsi wanavyotegemeana), hata kwa Kiingereza lilianza kutumika mwaka 1935 tu, alilileta mtaalamu wa mimea Arthur Tansley. Mimi naliweka mwisho kabisa. Naanza na uzi: watoto wanasimama duara, huyu jua, huyu nyasi, panzi, chura, ndege, udongo, maji, kila mmoja anamrushia uzi yule anayemtegemea na anasema anamtegemea kwa nini, kisha mmoja anauvuta kidogo na wengine wanasikia uzi unawavuta mkononi. Wakishausikia nawapa hadithi ya nyumbu wa Serengeti, na hii ni ya kweli, nakuomba uijue kwa sababu sijaona inayofundisha vizuri kuliko hiyo.

Miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka ulipiga Afrika Mashariki, ukaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi sana, na ukaendelea kuwasumbua nyumbu kwa miaka mingi. Ng'ombe wa maeneo ya jirani walipochanjwa, kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 sotoka ikapotea mpaka kwa nyumbu, ambao hakuna aliyewachoma sindano hata mmoja. Wakaongezeka kutoka kama laki mbili na nusu mpaka zaidi ya milioni moja. Sasa midomo milioni inakula nyasi, nyasi kavu za kushika moto zikapungua, moto ukapungua, miche ya miti ikapata nafasi ya kukua. Waulize wanafunzi: nani aliotesha miti ile? Waache wabishane, usikimbilie kuwapa jibu. (Sotoka yenyewe ilitangazwa kutokomezwa duniani kote mwaka 2011.)

Binti yangu alilia sana alipoona video ya simba anakula swala. Nimfiche hizi vitu?

Usimfiche, ila usimlazimishe kuangalia damu pia. Kulia kwake sio kosa baba, amemhurumia swala na huruma hiyo tunaihitaji. Mwambie simba naye ana watoto wanaosubiri na tumbo lake halisagi majani. Akiwa mkubwa kidogo mpe mfano wa fisi maji wa baharini kule kaskazini mwa Pasifiki, waliwindwa kwa ajili ya manyoya mpaka wakakaribia kuisha, basi wale viumbe wa duara wenye miba waliokuwa wakiliwa nao wakazidi, wakatafuna misitu ya mwani chini ya bahari na samaki waliojificha humo wakakosa pa kukaa. Kwa hiyo anayekula wenzake naye analinda watu.

Mtoto kaokota kinda la ndege anataka kulifuga. Nimkubalie?

Hapana. Kama kinda lina manyoya na linarukaruka, mara nyingi linajifunza kuruka na wazazi wake wako karibu wanaangalia, liacheni, au lisogezeni kwenye kichaka kama kuna paka. Likiwa halina manyoya tafuteni kiota mlirudishe. Ile habari ya kwamba ukilishika mama yake atalikataa kwa harufu ya binadamu sio kweli, ndege wengi hawatupi watoto wao kwa hilo. Kisha kaeni mbali mtazame mama akirudi, hapo mtoto atajifunza kuliko angelifuga.

Vipi nyoka?

Asimame, arudi nyuma taratibu, aite mkubwa. Asiguse, asirushe mawe. Na mwambie nyoka wengi wanakula panya, ila hiyo iwe baada ya sheria.

Mwanangu wa miaka 9 kasikia wanyama wanaisha, hapati usingizi. Namwambia nini?

Ukweli, wenye pande zake mbili. Faru weupe wa kaskazini wamebaki wawili tu, Najin na binti yake Fatu, pale kwenye hifadhi ya Ol Pejeta nchini Kenya, na dume wa mwisho, Sudan, alikufa mwaka 2018. Hiyo inauma na aruhusiwe kuumia. Ila faru weupe wa kusini nao walishafika chini ya 100, watu wakawalinda, leo ni zaidi ya 10,000. Mtoto anayeogopa anataka pia cha kufanya kwa mikono yake, kwa hiyo kesho asubuhi wekeni sahani ya maji nje kwa ajili ya ndege, isiwe na kina kirefu, mtie jiwe katikati nyuki wapate pa kukanyaga, na maji abadilishe yeye kila siku.