Kitabu cha Ngozi Kifunguliwe Taratibu

Msomaji mmoja ameniandikia: amenunua hadithi fupi za Edgar Allan Poe, mwandishi wa Marekani, toleo la ngozi lenye kingo za dhahabu, na siku ya kwanza kulifungua mgongo ukalia ka! Inauma, kwa sababu dawa yake ni dakika kumi tu za subira.

Dhahabu ya kingoni hugandisha kurasa, na mgongo mpya huwa mkavu. Ukikifungua katikati kwa nguvu, gundi inakatika mahali pamoja, na tangu siku hiyo kitabu kitajifungua hapohapo. Kisimamishe mezani kwa mgongo. Laza jalada la mbele, kisha la nyuma, kurasa ukizishika wima. Laza kurasa kumi hivi za mbele, ukipitisha kidole polepole karibu na mgongo. Halafu kumi za nyuma. Endelea kwa zamu mpaka ufike katikati. Zilizogandana ziachanishe mojamoja, usizivute kwa pamoja. Rudia mara mbili.

Kwenye kununua, usiridhike na picha ya jalada. Kampuni ya vitabu ya Franklin Library ya Marekani, kwa mfano, ilitoa matoleo ya ngozi kamili, ya ngozi mgongoni tu, na ya kuiga ngozi, na kwa mbali yote yanang'aa. Muulize muuzaji ni lipi, akujibu kwa maandishi. Kuna pia "ngozi" ya mabaki yaliyosagwa na kushikizwa kwa gundi. Hiyo hubanduka magamba pale jalada linapokunjikia. Kuiuza kwa jina la ngozi bila maelezo ni kumwibia mnunuzi. Omba picha ya mkunjo huo, na ya katikati ya kurasa: uzi ukionekana, kitabu kimeshonwa, hakikugandishwa kwa gundi tu.

Vitabu vya karne ya 19 vikikuachia unga mwekundu vidoleni, ngozi imeliwa na asidi, nyingi ikitokana na moshi wa makaa ya mawe. Haiponi. Usiipake mafuta, yatatia doa na kunasa vumbi. Fundi anaweza kuutuliza unga huo kwa Klucel G, unga wa kugandisha unaotokana na selulosi, iliyoyeyushwa katika spiriti.

Wa Mombasa na Unguja, adui yenu ni ukungu unaoota kwenye vitabu. Unyevu wa hewa usipite asilimia 60, na kabati lisigusane na ukuta. Kitabu kisivutwe kwa ncha ya juu ya mgongo, ndiyo huchanika kwanza: sukuma ndani vya jirani, ukishike kiunoni.