Pesa za utafiti kwa watu wa sanaa: kwa wanaoanza huku magharibi ya Kenya

Swali ninaloulizwa mara nyingi na wanafunzi wapya wa uzamili na uzamivu si la nadharia wala la mbinu. Ni hili: "Mwalimu, sisi watu wa sanaa pesa zetu ziko wapi?" Huulizwa kwa unyonge, na aghalabu anayeuliza ametoka kuyaona magari ya miradi ya afya yakielekea Kisian, kwenye kituo cha utafiti wa tiba nje ya Kisumu. Malalamiko hayo yana ukweli wake. Sheria ya 2013 iliyounda Mfuko wa Kitaifa wa Utafiti, yaani NRF, inasema asilimia 2 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Hatujawahi kufika hapo, na hicho kidogo kinachopatikana huwa na wenyewe: chakula, afya, viwanda. Tangazo la NRF likitoka lisome, lakini usilikalie ukisubiri.

Pesa za watu wa sanaa zipo, ila wengi wetu tunazitafuta kwa jina la idara. Mtu wa fasihi anatafuta ufadhili wa fasihi, wa historia anatafuta wa historia, wote wawili wanarudi mikono mitupu. Wafadhili wengi hawajali mlango wa ofisi yako umeandikwa nini. Wanajali kitu: lugha inayopoteza wasemaji, makaratasi yanayoliwa na mchwa, ufundi unaozikwa na wazee wake. Kwa hiyo jiulize kwanza una nini mkononi, ndipo umtafute anayelipia kitu cha aina hiyo.

Na huku kwetu vitu vipo. Visiwa vya Rusinga na Mfangano vina Wasuba ambao watoto wao wanakua wakisema Kijaluo. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa mwaka 2014 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Thimlich Ohinga, Migori, ikawa urithi wa dunia mwaka 2018. Kuwemo kwenye orodha hizo hakukupi shilingi, ila kunakupunguzia kazi ya kumshawishi mhakiki, yule anayempimia mfadhili maombi, kwamba jambo lako lina uzito. Bado kuna wafinyanzi wa Nyanza, wachongaji wa Tabaka, Waogiek wa msitu wa Mau kwa walio Nakuru na Njoro, na makabati ya makanisa na shule za misheni yaliyofungwa miaka na mikaka bila mtu kujua ufunguo anao nani.

Sasa oanisha kitu chako na mfadhili wake. Mwenye lugha iliyo hatarini aangalie Endangered Languages Documentation Programme, ulioanza 2002 London na sasa uko Berlin. Mwenye kabati la makaratasi aangalie Endangered Archives Programme wa British Library, ulioanza 2004. Huo unalipia kupiga picha nyaraka na kuzihifadhi kidijitali. Nyaraka zenyewe hazitoki nchini. Nyaraka zako zikiwa za karne ya ishirini kuja huku, au ni kanda za sauti na filamu, nenda kwa Modern Endangered Archives Program wa UCLA, chuo kikuu cha California kilichoko Los Angeles. Mwenye ufundi wa mikono, kama kufinyanga, kusuka au kutengeneza migono ya samaki, aangalie Endangered Material Knowledge Programme wa British Museum.

Ukichungulia nyuma ya mifuko hiyo minne utamkuta mfadhili mmoja, shirika la hisani la Arcadia. Ndiyo maana masharti yake yanafanana: kazi iwekwe wazi kwa watu wote, bila malipo. Hilo lina uzuri na ugumu wake. Mzee anayekusimulia mambo ya ukoo wake hajafikiria kwamba mtu wa Toronto atamsikiliza. Mweleze kabla hujawasha kinasa sauti, na umweleze kwa lugha yake. Tuna Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi, na ile ya 2019 ya kulinda data binafsi. Andiko la kuombea pesa linaloonyesha umezisoma hizo mbili, na kwamba umepanga ni sehemu gani za rekodi zitabaki kwa jamii, linasomwa kwa heshima. Pia uelewe kwamba mifuko hii inalipia kuhifadhi. Nadharia yako ya umahuluti, ya mchanganyiko wa tamaduni, itabidi ijilipie.

Walio karibu zaidi wako Nairobi. British Institute in Eastern Africa na taasisi ya Kifaransa, IFRA, zimekuwa zikitoa ruzuku ndogo kwa watafiti wa jamii na insia (fani kama lugha, fasihi na historia) wa ukanda huu, wanafunzi wakiwemo. Usizidharau kwa udogo. Zinatosha kukufikisha nyanjani mara ya kwanza, na ukija kuomba pesa kubwa utakuwa na rekodi, picha na jina la mtu aliyekuamini. Kuna CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika lililoko Dakar, iliyoanzishwa 1973, ambayo kwa miaka mingi imesaidia wanafunzi wa Afrika kuandika tasnifu. Utafiti wako ukiwa na sura ya anthropolojia, taasisi ya Wenner-Gren ya New York hupokea maombi kutoka taifa lolote; makataa yake, yaani siku za mwisho za kuomba, kwa miaka mingi yamekuwa Mei 1 na Novemba 1, kwa hiyo unaweza kuyapanga mwaka mzima kabla. Pesa za DAAD ya Ujerumani, za Commonwealth na za HELB, bodi yetu ya mikopo ya elimu ya juu, ni za masomo zaidi kuliko za utafiti, na tovuti zao zinajieleza, sitapoteza nafasi hapo.

Kabla ya kuandika hata sentensi moja, soma kipengele cha nani anaruhusiwa kuomba. Nimeona watu wakikesha kwa maombi ambayo yalikuwa yameshakufa. African Humanities Program uliolipiwa na shirika la Carnegie kupitia ACLS, baraza la vyama vya wasomi la Marekani, ulikuwa mzuri mno, lakini ulikuwa wa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda. Mkenya aliyekuwa Busia angeutazama tu ng'ambo ya mpaka. Baraza la Uingereza la utafiti wa sanaa na insia, AHRC, lina pesa nyingi, lakini kiongozi wa mradi sharti awe katika taasisi ya huko. Wewe unaingia kama mshirika. Hapo ndipo tahadhari inapohitajika: kabla ya kukubali, pata kwa maandishi jina lako litakaa wapi kwenye makala, rekodi zitawekwa wapi, na fungu gani la bajeti liko chini ya chuo chako. Mshirika anayeitwa baada ya andiko kukamilika ameitwa kukusanya data, hata akipewa cheo kirefu.

Tuje kwenye andiko lenyewe. Maandiko mengi ninayoletewa yanaanza hivi: "Fasihi ni kioo cha jamii. Tangu jadi, jamii za Kiafrika zimetumia fasihi simulizi kuelimisha, kuburudisha na kuadilisha." Hakuna uongo hapo, ila sentensi hizo zingeweza kutangulia utafiti wowote kutoka Lamu hadi Lagos, na mhakiki ana rundo mezani. Jaribu hivi: "Katika kisiwa cha Mfangano, nyimbo za kazi za wavuvi wa Kisuba zinajulikana leo na wazee pekee. Mradi huu utarekodi nyimbo hizo kwa sauti na video katika miezi sita, utaziandika neno kwa neno na kuzitafsiri, na kuuliza nini hubadilika katika wimbo pale mwimbaji anapohamia Kijaluo." Mhakiki ameshajua mahali, watu, kitu, muda na swali. Nadharia itakuja, ila ije ikiwa na kazi ya kufanya. Na kama unaandika "pekee," uwe umekwenda kuhakikisha.

Kwenye bajeti ndipo watu wa sanaa tunapoonekana wageni. Tunaandika "usafiri" na kiasi kizima kinachoishia na sifuri nyingi. Vunja. Matatu kutoka Kisumu hadi Luanda Kotieno, feri hadi Mbita, mashua hadi Sena kisiwani Mfangano, boda ya kuzunguka kisiwani. Malazi ya usiku mangapi. Kila mstari na bei yake. Msomaji wa Berlin hajui Sena ni wapi, lakini anamtambua mtu aliyewahi kufika. Weka malipo ya anayeandika rekodi neno kwa neno, na usiyabane: saa moja ya wimbo au masimulizi katika lugha ambayo haina waandishi wengi inaweza kumla mtu siku nzima na zaidi, na bado tafsiri. Weka shukrani kwa wasimulizi na ueleze ni za nini. Acha siku za ziada kwa sababu ziwa likichafuka mashua haziondoki, na kwa sababu kuanzia Ijumaa hadi Jumamosi wazee unaowatafuta wako matangani.

Halafu kuna dola. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 160. Katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Chukua ruzuku ya dola 5,000: ni 800,000 kwa kiwango cha kwanza, 650,000 kwa cha pili, na nauli ya Mbita haijapungua hata shilingi moja. Fanya hesabu kwa kiwango cha chini kuliko cha siku hiyo. Uliza pia chuo kinakata asilimia ngapi, na kama mfadhili anakubali makato hayo, maana wengine, Wenner-Gren mmojawao, hawalipii gharama za uendeshaji za chuo. Kujua haya baada ya pesa kuingia ni kuanza ugomvi na watu wa fedha, na ugomvi huo hujawahi kusikia mtafiti ameushinda.

Vibali ni safari ya pekee, na wafadhili hawakusubiri. Mpangilio ni huu: andiko lipite idarani, upate barua ya kitivo cha uzamili, uende kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha uombe mtandaoni leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Ukishaipata bado hujafika nyanjani. Unapeleka nakala kwa kamishna wa kaunti na mkurugenzi wa elimu wa kaunti, halafu kwa chifu. Utafiti ukivuka kaunti, unarudia kila kaunti. Kamati ya maadili ndiyo inayochelewa zaidi, na maswali yake mengi yameandaliwa kwa watu wa damu na dawa. Usishangae kuulizwa "sampuli" zako utazihifadhi kwenye jokofu gani. Jibu kwa adabu kwamba ni nyimbo. Anza safari hiyo hata kabla hujajua nani atalipa, kwa sababu mwenye leseni mkononi anaweza kuandika tarehe ya kuanza ambayo ni ya kweli.

Barua za mapendekezo: mwombe msimamizi wako mapema, na umpe andiko, tangazo na mistari michache ya yale ungependa ayataje. Usione haya, hata profesa anashukuru. Barua inayosema wewe ni "mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu" ni barua ya kuombea kazi ya bawabu. Na wahadhiri wakigoma, mfadhili hagomi nao. Uwe na namba ya simu ya msimamizi, si barua pepe ya chuo peke yake.

Makataa nayo yasome kwa saa za mwenyewe. Saa kumi na moja jioni ya London ni saa mbili usiku Kisumu katika miezi yao ya baridi, na saa moja usiku wanaposogeza saa zao mbele. Tuma siku mbili kabla. Stima hupotea, na hupotea jioni.

Ukikataliwa, omba maoni ya wahakiki kama yanatolewa, yasome ukiwa umeshakula, na utume tena msimu unaofuata ukieleza ulichobadilisha. Wafadhili wengi wanaruhusu. Andiko lililokataliwa kwenye mfuko wa lugha linaweza kupita kwenye mfuko wa ufundi, kama kweli wavuvi wako wanatengeneza pia mashua wanazoziimbia.

Ukipata, mambo ya risiti yaanze siku ileile. Ruzuku ikipitia akaunti ya chuo utaomba masurufu, yaani pesa za kazi unazopewa mkononi kisha ukazitolea hesabu, na hutapewa ya pili kabla hujarejesha hesabu ya ya kwanza. Mwenye mashua hana kitabu cha risiti, wala mama aliyekupikia samaki. Chapisha karatasi ya malipo yenye tarehe, jina, namba ya kitambulisho, huduma, kiasi na mahali pa sahihi au dole gumba, na itembee nawe kwenye mfuko wa plastiki maana mashuani kuna maji. Lipa kwa M-Pesa panapowezekana na uhifadhi ujumbe. Kila jioni piga picha ya karatasi hiyo, uitume kwenye barua pepe yako mwenyewe na kwa mhasibu wa mradi, kabla hajakuuliza.