Kibarua wa Miezi Minane, na Maswali Mengine ya Mshahara

Nafagia ghala Changamwe, Mombasa, kwa shilingi 16,000 kwa mwezi. Napunjwa?

Kwanza ujue: hizo ni kabla ya makato au baada? Amri ya mishahara ya Kenya ya Novemba 2024 inampa mfagiaji wa Mombasa si chini ya 16,113.75, na hapo nyumba haimo. Asiyepewa nyumba huongezwa asilimia 15, yaani 2,417. Jumla 18,530. Toa NSSF (akiba ya uzeeni) asilimia 6, bima ya afya ya SHIF 2.75 na ushuru wa nyumba 1.5, yote yanakaribia 1,900. Mkononi zinabaki kama 16,630, maana kodi ya mapato haikugusi kwa mshahara huo. Basi ikiwa 16,000 ni za mkononi, umepungukiwa 630 hivi. Ikiwa ni kabla ya makato, umepungukiwa 2,530. Mkataba ukisema "nyumba imo ndani", sawa, ila jumla isishuke chini ya 18,530. Na uangalie akaunti yako ya NSSF kila mwezi: wako waajiri wanaokata wasipeleke, na mtu hugundua siku ya kustaafu.

Saa za ziada zahesabiwaje?

Gawanya mshahara wa msingi kwa 225 upate malipo ya saa moja: 71.62. Ukipita saa 52 za wiki, kila saa ni mara moja na nusu, 107.42. Siku ya mapumziko au sikukuu ni mara mbili. (Askari wa ulinzi wana amri yao.)

Mishahara ikipanda, kazi si zitapungua?

Mwenye kibanda na msaidizi mmoja huumia kweli, na hilo lisifichwe. Kima cha chini cha mshahara kikiruka ghafla, wengine huacha kuandika mikataba, na mfanyakazi huishia pabaya zaidi. Lakini mshahara wa mtu wa chini hauendi mbali: unaishia kwa muuza mahamri na mbaazi, kwa mwenye nyumba, sokoni Kongowea. Reli ya SGR ilipoanza kubeba makontena, si madereva wa malori peke yao waliokosa riziki. Waliowauzia chakula Jomvu na Miritini walikosa pia. Kazi mpya zinazolipa nusu ya kima hazirudishi mzunguko huo.

Niko kiwandani miezi minane, bado naitwa kibarua wa siku. Ni sawa?

La. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinasema kibarua akifanya siku mfululizo zinazofikia mwezi, ajira yake inageuka kuwa ya mshahara wa mwezi. Ikipita miezi miwili, ana haki kama wenzake: likizo ya siku 21 kwa mwaka, notisi, mapumziko yenye malipo. Kinachowaangusha wengi ni ushahidi. Jina halimo kwenye karatasi yoyote, malipo ni taslimu. Hifadhi ujumbe wa M-Pesa, piga picha kadi ya getini na daftari la mahudhurio, andika tarehe kila jioni. Ukiachishwa, nenda ofisi ya Wizara ya Kazi mapema. Mahakamani dai lina miaka 3 tu, na mashahidi wa getini hawakai hapo miaka yote hiyo.