Umefunga apu ya vipimo kwenye mashine? Subiri kidogo kabla hujakata

Ukiwa umezoea kuhesabu mizunguko ya hendeli huku umeshika kalamu, siku ya kwanza kuona nambari zinatembea zenyewe kwenye tableti unaona kama kazi yote imeisha. Mimi niliona hivyo. Nilifunga skeli (ule mpau unaosoma mwendo wa meza) jioni, kesho yake asubuhi nikatoboa matundu manne ya flanji kwenye milingi, mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, kwa kufuata skrini tu, bolti mbili zikaingia, mbili zikagoma. Nikapima na vernia: pale skrini iliposema mm 100, meza ilikuwa imetembea mm 99.2 hivi.

Tatizo halikuwa skeli wala mashine. Apu yenyewe haijui milimita, inapokea hesabu tu kutoka kwenye skeli kupitia kiboksi cha Bluetooth kinachoiunganisha na tableti, halafu inagawanya kwa namba uliyoijaza wewe kwenye setingi. Skeli yangu inatoa hesabu 2560 kwa inchi moja, mimi nikajaza 2540 kwa kudhani ni hesabu 100 kwa kila milimita, tofauti ndogo hiyo ndiyo iliyoniharibia flanji. Skeli ya kioo ya mikroni 5 ni hesabu 200 kwa milimita, yaani apu ikitaka kwa inchi unajaza 5080. Kwa hiyo tafuta namba ya skeli yako kwanza, usikisie.

Ukishajaza, hakiki. Mimi siku hizi nafanya hivi: dayo geji (kipimo cha sindano kama saa) naifunga kwenye kichwa cha mashine, nafunga kipande imara mezani kama stopa, mbele yake naweka kitalu cha kupimia, kipande cha chuma chenye urefu kamili, cha mm 50. Nasogeza meza taratibu mpaka kitalu kiiguse geji na sindano isimame sifuri, nafuta nambari ya apu iwe sifuri, naondoa kitalu, naendelea kusogeza upande uleule mpaka sindano irudi sifuri kwenye stopa. Skrini inatakiwa isome 50.00. Ikisoma 49.96 na ukirudia mara tatu ni ileile, rekebisha namba kwenye setingi, lakini kila ukirudia inakuja nyingine basi usiguse setingi kabisa, kuna kitu kimelegea, mara nyingi ni ile breketi inayoshika kichwa cha kusomea (kile kinachoteleza juu ya skeli), ibonyeze kwa kidole uone kama nambari inacheza.

Kuhusu kunyoosha skeli, yaani iwe sambamba na mwendo wa meza, watu wengi wanaogopa kosa la kipimo. Skeli ikikaa upande kwa mm 1 kwenye urefu wa mm 300 kosa lenyewe halifiki hata mikroni 2. Kinachoumia ni kichwa cha kusomea, kinabanwa na kuvutwa mpaka kife, ndo maana nanyoosha kwa dayo geji mpaka tofauti iwe chini ya mm 0.1 mwanzo hadi mwisho. Na ule mdomo wa mpira wa skeli uangalie chini, chenga za chuma na maji ya kupozea visiingie.

Halafu washa mota bila kusogeza chochote, uangalie skrini. Nambari zikiruka ni kelele za umeme, hasa mashine yenye inveta, kifaa cha kubadili kasi ya mota. Tenganisha waya za skeli na za mota, unganisha kwa waya mwili wa skeli na chuma cha mashine, na kiboksi kijaribu kwa pawabenki badala ya chaja. Mimi pawabenki ndiyo ilinionyesha kwamba kelele zilikuwa zinapitia kwenye chaja.

Kwa wenye lethi (mashine ya kukereza), ule mhimili wa kuingiza kisu uuwekee hali ya kipenyo. Kisu kikiingia mm 1 kipenyo kinapungua mm 2, na ukisahau hilo shafti iliyobakiza nusu milimita inaharibika kwa mkato mmoja.

Tableti yenyewe zima ule mpango wa kubana betri kwa hiyo apu, na skrini isizime, la sivyo Bluetooth inakatika katikati ya kazi. Pia mchezo wa skrubu, ule ulegevu wa skrubu inayosukuma meza, hauharibu tena kipimo kwa sababu skeli inasoma meza yenyewe, ila kisu bado kinaweza kuivuta meza, kwa hiyo ukifika kwenye kipimo funga loki ya meza ndo utoboe.